Sauti Iliyoshtakiwa

Benchi la Mahakama ya Madai Madogo lilikuwa limechakaa kuliko watu waliolikalia, na hilo si jambo dogo. Wakesho alikuwa amelikalia siku nne ndani ya wiki mbili. Alishajua ubao upi unang'ata nguo, karani yupi husema "kesho" akimaanisha wiki ijayo, na saa ngapi jua linaingia dirishani na kumpiga usoni mtu wa tatu kutoka mlangoni. Leo yeye ndiye alikuwa wa tatu.

"Nambari mia mbili na kumi na saba, chumba cha tatu," ilisema sauti kutoka darini.

Hiyo ndiyo waliyoiita Sauti ya Kawaida. Haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke, haikuwa na kwao, haikupata mafua wala hasira. Mbele ya Wakesho wanaume wawili walikuwa wakizozana nani alifika mwanzo kwenye foleni, na wote wawili walizozana kwa sauti hiyo hiyo ya darini. Kila mmoja alikuwa amevaa bendi, mkanda mweusi shingoni, upana wa vidole viwili. Ukifumba macho ungedhani dari inagombana yenyewe kwa yenyewe. Siku ya kwanza Wakesho alikuwa amecheka. Siku ya pili karani alimweleza kwamba wale ni wadaiwa walioshindwa kesi. Sauti zao zimeuzwa na mahakama, na sheria haimruhusu mtu kusema kwa mali ambayo imeshanunuliwa na mwingine. Bendi inayapokea maneno yake kooni na kuyatoa kwa Sauti ya Kawaida. Tangu hapo hakucheka tena.

Wakesho alikuwa na miaka sitini na mitatu, na kwa miaka thelathini na mmoja alifundisha hesabu darasa la sita. Ndiyo maana hakuna aliyemhurumia pesa zilipopotea. Mwalimu wa hesabu, walisema, kaibiwa kama mtoto aliyetumwa dukani.

Pesa zenyewe hazikuwa zake. Zilikuwa za Chama cha Faraja, wanawake thelathini na wanne wa huko juu milimani Taita, na yeye alikuwa mweka hazina wao. Chama kilikuwa na kanuni moja waliyojivunia kuliko zote: mfiwa haulizwi kitu. Waanzilishi walikuwa wamezika waume na watoto wao enzi za kutembea ofisi hadi ofisi na karatasi mkononi, wakithibitisha kwamba kweli wamefiwa, wakaapa kwamba hakuna mwanachama wao atakayepitia hayo. Tangazo la kifo likisikika, mweka hazina anatuma shilingi laki moja na elfu sitini siku hiyo hiyo. Hapigi simu nyumbani kwa mfiwa. Hakuna anayepiga. Siku ya tatu wanawake wote wanapanda kwa miguu, maharage na kuni kichwani, na hapo ndipo salamu za pole zinapoanza.

Basi mwezi wa tatu, joto lilipokuwa likiwamaliza wazee kila kona, Wakesho alipata simu tatu kwa siku mbili. Kila mara aliyesema alikuwa Mzee Mwadime, ambaye kwa miaka hamsini aliwasomea watu wa milimani matangazo ya vifo, kila siku saa saba mchana, kwenye Redio ya Vilima mpaka ilipofungwa. Kila mara alitaja jina la mwanachama, jina la marehemu, na nambari ya msimamizi wa mazishi. Wakesho alilia mara tatu na kutuma mara tatu, na hazina ikabaki tupu. Siku ya tatu wanawake walipopanda na maharage yao kwenye boma la kwanza, walimkuta marehemu juu ya paa akipigilia bati. Aliwauliza nani amefariki. Wakamwambia ni yeye.

Kama mambo yangeishia hapo, Wakesho angekula hasara na aibu yake akanyamaza. Lakini sasa mume wa Mghoi, Mwaluma, alikuwa amekufa kweli. Leo ilikuwa siku ya kumi na mbili yuko mochari mjini, ada zikipanda kila asubuhi, na hazina haina hata shilingi. Wanachama walipoombwa wachange upya, walisema kwanza waone. Chama chenyewe cha kutouliza! Wakamtuma Wakesho mochari na simu, apige picha. Mghoi alikwenda naye. Alimshikia mkoba ili apate kupiga vizuri. Na picha ilipofika kwenye kundi, watu watano walijibu kwamba siku hizi hata picha zinatengenezwa.

Wakesho alikuwa hajawahi kujichukia kama alivyojichukia siku ile, na hakumwambia mtu.

"Nambari mia mbili na kumi na nane, chumba cha tatu," ilisema dari. Ilikuwa yake.

* * *

Mwamuzi, Mheshimiwa Saumu Dzombo, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye macho mekundu na kikombe cha chai ya rangi kilichokwisha poa. Hakukuwa na wakili chumbani. Madai madogo hayana mawakili. Kulikuwa na meza, mashine ndogo yenye taa ya kijani, na upande wa pili, akiwa ameweka kofia magotini, mzee mmoja mrefu aliyevaa koti lililompwaya.

Wakesho alikuwa hajawahi kumwona Mzee Mwadime. Alikuwa akimfikiria mnene.

"Mama Wakesho," mwamuzi alisema, "umeeleza kwenye fomu kwamba waliokutapeli huwajui. Nami siwajui, polisi hawawajui. Pengine hata si watu. Zamani kesi yako ingekufa hapa hapa, kwa sababu hakuna wa kupelekewa wito. Ndiyo maana tuna Sheria ya Umiliki wa Sauti. Sauti imesajiliwa kama gari. Gari likimgonga mtu, barua inakwenda kwa ambaye jina lake liko kwenye kitabu, hata kama usukani ulikuwa kwa mwingine. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

"Mzee Mwadime, umeelewa?"

"Nimeelewa," alisema mzee.

Neno hilo tu, na Wakesho akainua kichwa. Ilikuwa ile ile. Nzito, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, yenye kuvuta pumzi kabla ya neno kama mtu anayeingia nyumba ya wenyewe.

"Soma chochote kwenye mashine," mwamuzi alimwambia. "Sentensi mbili zinatosha."

Mzee aliitazama mashine. "Nisome nini?"

"Chochote unachokijua kwa moyo."

Akavuta pumzi. "Kwa masikitiko makubwa familia inatangaza kifo cha mpendwa wao, kilichotokea baada ya kuugua kwa muda mfupi. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo."

Wakesho alijikuta amesimama. Miguu ndiyo iliyosimama, si yeye. Utotoni, saa saba mchana ikifika, mama yake alikuwa akilaza jembe chini na kusimama mpaka majina yaishe, na watoto wote walisimama naye. Mwamuzi alimtazama, akamwashiria akae. Taa ya mashine ikageuka ya buluu.

"Ulinganifu, asilimia tisini na tisa," ilisema Sauti ya Kawaida.

"Hebu tuambie ilitokaje mikononi mwako," mwamuzi alisema.

"Redio ilifungwa," Mzee Mwadime alijibu. "Akaja kijana na kompyuta. Akasema wanataka sauti za wazee kwa vitabu vya watoto, watoto wa mjini wasikie Kiswahili kilichonyooka. Nilimsomea siku tatu, maneno tu, hata hayakuwa na maana. Mbuzi. Daraja. Samahani. Akanipa elfu arobaini, nikanunua tangi la maji. Nilibonyeza kidole pale aliponionyesha." Alikigeuza kidole chenyewe, akakitazama. "Tangi bado zima."

"Kampuni hiyo?"

"Nambari yake haipatikani, Mheshimiwa. Nimepiga mpaka nimechoka."

Mwamuzi alishusha pumzi ya mtu aliyeyasikia hayo hayo mara sita tangu asubuhi. Akamgeukia Wakesho, akaongea polepole, kwa upole, na upole wake ndio ulimwogopesha.

"Kesi imethibitika. Sauti imethaminiwa laki sita na elfu ishirini. Ukisema ndiyo, kwa mdomo wako, mahakama inaichukua sauti hii na kuipeleka mnadani, na wewe unalipwa laki nne na themanini sasa hivi, kabla hujatoka mlangoni. Inayobaki anapewa mzee. Yeye atavaa bendi. Ukisema hapana, kesi imefungwa na hairudi tena. Hakuna kulipa kidogo kidogo. Bunge lililikataa hilo."

"Bendi atavaa mpaka lini?"

"Maisha, mama. Sauti itakuwa si yake."

"Na atakayeinunua ni nani?"

Mwamuzi aliinywa ile chai baridi. "Mwenye bei ya juu. Mfumo hauulizi anaitakia nini."

"Wanaweza kuwa wale wale?"

"Wanaweza."

Mzee Mwadime alikuwa akiizungusha kofia magotini. "Aseme ndiyo tu," alisema. "Mimi nina miaka sabini na tisa. Nimeshasema vya kutosha."

"Dakika kumi," alisema mwamuzi. "Sheria inamtaka mdai afikirie."

* * *

Walisimama kwenye ujia karibu na bomba la maji, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kusimama. Ni kitu kigumu kusimama na mtu unayemshtaki wakati mtu mwenyewe hana kosa. Wakesho alijaribu kumkasirikia. Alikuwa na hasira za kutosha kulisha kijiji kizima, lakini zote zilikosa pa kutua.

"Ni nani aliyefariki?" mzee aliuliza. "Yule wa kweli. Karani aliniambia kuna maiti inayongoja."

"Mwaluma, mume wa Mghoi. Fundi wa mabomba."

"Mwaluma wa akina Kalaghe? Nilimsomea baba yake redioni." Alitikisa kichwa. "Poleni sana. Siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili ni nyingi, mama. Sema ndiyo umzike mtu wenu."

Wakesho alikuwa amefundwa asiulize. Alikuwa amelelewa, akaolewa, akazeeka katika kutouliza. Lakini tangu mwezi wa tatu kitu ndani yake kilikuwa kimeharibika, na sasa aliuliza kila kitu, bei ya nyanya mara mbili, jina la dereva, saa.

"Nyumbani uko na nani, mzee?"

"Hilo si swali la mahakama."

"Si la mahakama. Ni langu."

Mzee aliigeuza kofia mkononi. "Na mke wangu, Mama Nyambu. Macho yalimwisha mwaka juzi, na kichwa nacho kinaenda kikirudi. Siku mbaya haijui nyumba, hajui kitanda. Akinisikia anatulia. Nikitoka kwenda dukani namwachia simu, naongea naye njia nzima, watu wanadhani nimerukwa na akili. Asiponisikia anapiga mayowe mpaka majirani wanakuja." Akaivaa kofia. "Sikuambii ili unihurumie. Umeniuliza."

Na hapo Wakesho alihisi kinyaa cha ajabu, si kwa mzee, kwa nafsi yake. Maana kitu cha kwanza kilichomjia si huruma. Kitu cha kwanza kilichomjia ni kwamba hadithi hii ni nzuri. Ni nzuri kama zile tatu za simu. Binti wa mwanachama Malemba, aliyedaiwa kufia uzazini, Wakesho alilia nusu ya siku kwa ajili yake, na binti mwenyewe yuko Mombasa anauza simu. Ilisemwa kwa sauti hii hii, kwa pumzi hii hii kabla ya neno. Masikio yake yalitaka kuamini kwa nguvu zote, na ni masikio hayo hayo yaliyomwibia Mghoi mazishi ya mumewe.

Alimtazama mzee usoni, lakini uso haukumsaidia. Alikuwa amemjua miaka yote kwa sauti tu.

"Nambari mia mbili na kumi na nane," ilisema dari.

* * *

"Mheshimiwa," Wakesho alisema walipokaa, "naweza kuuliza jambo kuhusu mdaiwa? Kuhusu nyumbani kwake?"

Mwamuzi hakushangaa. "Mfumo unaweza kuhakiki hali ya kaya. Nani anaishi pale, afya zao, kila kitu. Ni dakika mbili, bure. Lakini nikwambie mapema, jibu halibadilishi sheria. Litabaki kuwa ndiyo au hapana. Ni kwa kujua kwako tu."

Kwa kujua kwako tu. Wakesho aliiangalia ile taa ya kijani.

Dakika mbili. Ikiwa mzee amedanganya, yeye Wakesho atasema ndiyo bila uzito wowote, ataondoka na pesa, atakuwa ameponyoka. Ikiwa amesema kweli? Ikiwa amesema kweli, midomo yake mwenyewe haitaweza kusema ndiyo. Alijijua. Atasema hapana, atapanda mlima mikono mitupu kumwambia Mghoi kwamba amemwachia mzee mmoja sauti yake, na Mwaluma aendelee kungoja kwenye droo ya bati mpaka mochari imzike na wasio na wenyewe. Mghoi hatamlaumu. Atamshikia mkoba tena.

"Mama?" alisema mwamuzi.

"Sitaki ahakikiwe," Wakesho alisema.

Mzee Mwadime alivua kofia. Uso wake ulilegea, macho yakamlowa, akainamisha kichwa mbele yake kama mtu aliyepewa zawadi hadharani. "Asante, mama," alisema. "Tangu haya yaanze nimeulizwa na kila mtu. Polisi, karani, hata kanisani. Wewe wa kwanza kuniamini bila kuuliza mashine. Sasa najua kweli wewe ni wa Chama cha Faraja."

Wakesho alitaka kumwambia kwamba haikuwa hivyo. Alitaka kumwambia kwamba hakumwamini wala hakumkataa, kwamba alikuwa ameogopa tu kujua, ana haraka na amechoka, amechoka mpaka mifupa. Alifungua mdomo kwa ajili hiyo. Mwamuzi alikuwa ameshika kalamu, akingoja.

"Ndiyo," alisema Wakesho.

"Ndiyo imepokelewa," ilisema Sauti ya Kawaida, na simu yake ikatetemeka mkobani kabla hata hajainuka. Laki nne na themanini. Ilikuwa saa nane na nusu, na mochari inafungwa saa kumi.

Karani aliingia na bendi kwenye sahani ya bati, kama anayeleta mandazi. Mzee Mwadime aliinua kidevu mwenyewe, akafumba macho. Bendi ilipofungwa ililia mara moja kama kufuli dogo, taa yake ikawaka na kuzimika. Karani akamwomba ajaribu.

"Pole kwa msiba, mama," ilisema Sauti ya Kawaida, kutoka kinywani mwake. "Mfikishie Mghoi."

"Atafikishiwa," Wakesho alijibu, akiwa anatazama meza.

Alitia sahihi mahali patatu. Karani alitafuta muhuri, akaukosa, akaupata chini ya gazeti. Wakesho alipotoka chumbani zilikuwa zimebaki saa moja na dakika chache, na alikuwa akihesabu nauli, ada za mochari, bei ya jeneza, akihesabu kwa makusudi ili kichwa kisipate nafasi.

Mzee Mwadime alikuwa pale kwenye bomba la maji, amewapa watu mgongo, uso karibu na ukuta. Wakesho alidhani anakunywa.

"Mama Nyambu," ilisema Sauti ya Kawaida. "Ni mimi."

Mtu mmoja benchini aliinua kichwa kutazama dari, kisha akaitazama tiketi yake.

Mzee alikohoa kidogo, vile alivyokuwa akikohoa redioni kabla ya majina, lakini bendi haikukipitisha kikohozi. Akajaribu polepole zaidi. "Mama Nyambu. Usiogope. Ni mimi." Akajaribu kwa kuimba, na wimbo ukatoka umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Akaweka kiganja shingoni, akasukuma pale chini ya bendi, kama anayetafuta pembe ambayo sauti inaweza kuchomokea. "Ni mimi," akasema. "Ni mimi, Mama Nyambu. Ni mimi hapa." Hakulalamika. Alikuwa anafanya mazoezi, na alikuwa anayafanya kwa bidii, kama mtu aliyebakiwa na muda mfupi kabla ya kufika nyumbani.

Wakesho alisimama katikati ya ujia. Sasa alijua, na hakuwa ameuliza mtu. Njia ya kutokea ilikuwa moja tu, nayo ilipita nyuma ya mgongo wa mzee, hatua tatu kutoka kwake. Aliinama, akavua viatu, akavishika mkononi, akapita pekupeku juu ya saruji ili asimsikie.